Cheti cha Scrum hakipimi wepesi wa timu

Meneja mwingine ameniandikia. Timu yake inachelewesha matoleo ya programu, kwa hiyo ameomba bajeti awapeleke wasanidi wote kwenye kozi ya siku mbili, warudi na vyeti, kisha "tuwe ajaili", yaani watengeneze programu kwa hatua fupi zinazoruhusu kubadili mwelekeo haraka. Anachotaka kwangu ni kumchagulia tu: CSM au PSM, vyeti viwili vya Scrum, mfumo maarufu wa kupanga kazi ya timu kwa njia hiyo? Swali hili nimelijibu kwa ufupi na kwa upole mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa urefu, maana uvumilivu umeniishia.

Kosa limetangulia swali. Cheti hupewa mtu. Wepesi, ambao ndio maana ya ajaili, haukai ndani ya mtu mmoja. Unakaa katika timu, katika msimbo wa programu zake, katika njia ambayo badiliko linapita kutoka kompyuta ya msanidi hadi kwa mtumiaji, na katika mamlaka ambayo timu imepewa au imenyimwa. Chukua watu tisa wenye vyeti, wape mfumo usio na jaribio hata moja la kiotomatiki, yaani msimbo unaokagua msimbo mwingine kama bado unafanya kazi, waweke chini ya kamati inayoidhinisha kila toleo mara moja kwa mwezi. Watatoa toleo mara moja kwa mwezi. Wangekuwa hawana vyeti wangetoa vilevile.

Hebu tutazame mitihani yenyewe. CSM ya shirika la Scrum Alliance inakutaka uhudhurie darasa kwanza, halafu ujibu maswali 50 ya kuchagua kwa saa moja, na ukipata 37 umefaulu. Kabla ya 2009 hata mtihani haukuwepo. Ulikaa darasani, ukatoka na cheti. Mwaka huohuo Ken Schwaber, aliyeiunda Scrum pamoja na Jeff Sutherland na kuiwasilisha mbele ya wataalamu mwaka 1995, aliondoka Scrum Alliance akaanzisha Scrum.org. PSM I ya huko ina maswali 80 kwa dakika 60, yaani sekunde 45 kwa swali, na alama ya kufaulu ni asilimia 85. Darasa si sharti. Cheti hakiishi muda. Hakuna msimamizi, na Mwongozo wa Scrum, andiko fupi la kanuni zake, unaweza kuuweka wazi mbele yako. Kinachokubana ni saa.

Kati ya hiyo miwili, PSM I ndio mgumu zaidi, nami huupendekeza kwa sababu unamwachia mtu asiyeweza kulipia darasa ajisomee mwenyewe na apimwe kwa kipimo kilekile cha aliyelipa. Hapo basi, meneja, jibu la swali lako umelipata. Sasa turudi kwenye jambo lenyewe.

Mitihani yote miwili inakupima kama unaujua Mwongozo wa Scrum. Mwongozo huo, katika toleo la Novemba 2020, haufiki kurasa 15. Nani ana mamlaka ya kufuta sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi kisichozidi mwezi? Mmiliki wa bidhaa, yule anayeamua kipi kijengwe kwanza, peke yake. Kikao cha kila siku kisizidi muda gani? Dakika 15. Kupanga sprinti ya mwezi mmoja? Saa nane, zisizidi. Kikao cha timu kujitathmini mwishoni mwa sprinti hiyo? Saa tatu. Ni maarifa halali, na mtu anayefanya kazi hii bila kuyajua ananichosha. Lakini mwongozo wenyewe unakiri kwamba mfumo umeachwa pungufu kwa makusudi, ili wanaoutumia waujaze kwa akili zao. Mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kuuliza pale ambapo mwongozo umenyamaza, kwa kuwa pale hakuna jibu moja la kuwekea alama. Na kazi yetu karibu yote iko pale ambapo mwongozo umenyamaza.

Fikiria hali hii. Ni Alhamisi, sprinti inaisha kesho. Mmiliki wa bidhaa anataka kipengele cha malipo kihesabiwe kimekamilika ingawa majaribio yake mawili yanashindwa, kwa sababu amekwisha kumwahidi mkurugenzi. Kila mwenye cheti anajua kanuni: kisichotimiza makubaliano ya timu kuhusu maana ya "imekamilika" hakioneshwi wala hakitolewi. Hapo cheti kimemaliza kazi yake. Lakini kuna kumwambia mkurugenzi hivyo mmiliki wa bidhaa akiwa amekaa pembeni, bila kumvunjia heshima. Kuna kumzuia msanidi aliye hodari asikeshe usiku kucha kuokoa ahadi ambayo hakuitoa yeye. Kuna kugundua, wiki mbili baadaye, kwamba ahadi ile ilitolewa kwa sababu mkurugenzi haalikwi kwenye vikao vya kuonesha kazi na hana namna nyingine ya kujua mambo yanavyokwenda. Hakuna swali la sekunde 45 linalofika huko. PSM III, ngazi ya tatu ya PSM, angalau inakutaka uandike majibu ya maelezo, na aliyeifaulu namsikiliza kwa makini zaidi, lakini wengi hawafiki hapo.

Jambo linaloniudhi zaidi, na ambalo halisemwi vya kutosha, ni mahali ambapo ufundi umepotelea.

Mwaka 2001, mwezi wa Februari, watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika Ilani ya Ajaili. Wengi wao walikuwa waandishi wa programu. Kent Beck alikuwepo, mtu aliyeijenga XP (Extreme Programming), namna ya kuandika programu, kutokana na mradi wa mfumo wa mishahara wa Chrysler katika miaka ya 1990: andika jaribio kabla ya msimbo, andikeni wawili kwa kompyuta moja, unganisheni msimbo mara nyingi kwa siku. Ron Jeffries alikuwepo, na Ward Cunningham pia, wote wawili wenzake katika XP. Kati ya kanuni 12 zinazoifuata ilani, moja inasema wazi kwamba kujali ubora wa kiufundi na usanifu mzuri bila kukoma huongeza wepesi. Hawa walijua kwamba huwezi kubadili mwelekeo kila wiki mbili ikiwa kila badiliko linavunja kitu kingine ambacho hakuna anayekiona.

Scrum haikuagiza ufundi wowote, na kwa upande wake ni sahihi: ni mfumo wa kupanga kazi, na siku hizi unatumika hata kwa kazi zisizo za programu. Tatizo lilianza soko la vyeti lilipokuja. Vikao vinafundishika kwa siku mbili. Majina ya majukumu yanafundishika kwa siku mbili, na yanapimika kwa maswali ya kuchagua. Kuufunika kwa majaribio msimbo wa miaka kumi ambao waliouandika wamekwisha kuondoka hakufundishiki kwa siku mbili wala kwa mbili mara mbili, na hakuna anayeweza kukupa alama kwa kukuuliza A, B, C au D. Kwa hiyo kilichouzika ndicho kilichoenea. Sehemu ya ajaili inayoingia kwenye cheti ikawa ndiyo ajaili yote machoni pa watu wanaolipa, na sehemu iliyokuwa ikiibeba ikabaki kwa wasanidi wachache wanaoonekana wakaidi kwa sababu wanaomba muda wa kuandika majaribio.

Ndiyo maana nikiitwa kwenye timu inayochelewa siulizi nani ana cheti. Naomba orodha ya kazi zilizofunguliwa na hazijafungwa. Tuseme ni 30, na timu inamaliza tano kwa wiki. Kazi mpya itakayoingia leo itachukua wastani wa wiki sita kufika mwisho, kwa sababu 30 ukigawa kwa tano ni sita. Hii ni kanuni ya John Little, iliyothibitishwa kihisabati mwaka 1961, na inafanya kazi katika foleni yoyote iliyotulia. Ukitaka wiki mbili, ama uongeze kasi ya kumaliza mara tatu, ama upunguze kazi zilizofunguliwa hadi kumi. Hilo la pili unaweza kulianza kesho asubuhi bila kumlipa mtu yeyote. Kisha nauliza: mstari wa msimbo ukishaandikwa, unakaa muda gani kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni, kabla ya kuunganishwa na msimbo mkuu wa timu? Nani anajaribu, na anajaribu kwa mkono? Nani nje ya timu lazima aseme ndiyo? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ndilo ugonjwa wote, na mtu huyo wa nje hajawahi kukaribishwa kwenye kozi.

Kwa bajeti ya kuwapeleka watu tisa darasani, ningewapa wasanidi wiki mbili zisizo na kazi mpya, wajenge majaribio ya kiotomatiki kuzunguka sehemu tatu za mfumo zinazovunjika zaidi. Baada ya hapo, kama bado mnahitaji lugha moja ya kuzungumzia kazi, mpeleke mtu mmoja au wawili.

Kuhusu pointi za kukadiria ukubwa wa kazi nitasema kwa haraka, maana kila mwenye cheti kipya huniletea. Hazimo katika Mwongozo wa Scrum. Hazijawahi kuwa sharti. Jeffries mwenyewe amesema huenda ndiye aliyezibuni, na kwamba kama ni yeye anajuta. Kuhusu SAFe, mfumo wa ajaili kwa mashirika makubwa, ambayo ilianza 2011 na sasa ina cheti karibu kwa kila kiti cha ofisi, na cheti hicho unakilipia tena kila mwaka: kama mwajiri wako anaitumia, soma ujue maneno yake. Zaidi ya hapo sina la kukushauri.

Sasa niwageukie walio upande wa pili, wanaosema vyeti vyote ni utapeli. Hapana. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alieleza jinsi elimu inavyoweza kuwa ishara kwa mwajiri asiyeweza kuuona uwezo wa mwombaji moja kwa moja, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001. Sharti lake ni kwamba ishara iwe na gharama kubwa zaidi kwa asiyeweza kuliko kwa anayeweza. Shahada ngumu inatimiza sharti hilo kwa kiasi fulani. Cheti ambacho karibu kila aliyelipa ada na kukaa darasani anakipata hakilitimizi. Gharama ni ileile kwa wote, na mwajiri hawezi kutofautisha. Hata Agile Alliance, shirika la watu wa ajaili wenyewe, lilikwisha kutoa msimamo kwamba waajiri waviamini vyeti vinavyopima ustadi na vilivyo vigumu kupatikana, na kwamba ustadi haupatikani kwa kuhudhuria kozi.

Hata hivyo ishara dhaifu bado ina kazi. Mtu aliyekuwa mhasibu au mwalimu na sasa anataka kuingia kwenye programu hana historia ya kuonesha. Cheti kinasema amechukua hatua, amesoma, anajua maneno. Ofisi ya ajira inayochuja CV 400 kwa kutafuta herufi tatu itampitisha, na mimi siwezi kumwambia kijana asilipie mlango huo wakati mlango upo na umefungwa. Darasa pia linaweza kuwa zuri sana. Mwalimu aliyewahi kuongoza timu zilizoshindwa hukupa kwa siku mbili mambo ambayo mwongozo hauna, na thamani hiyo ni ya mwalimu, si ya karatasi. Kabla ya kulipa, uliza nani anafundisha na aliwahi kujenga nini.

Upande wangu wa kuajiri nao una shaka ambayo vitabu vya taaluma hii huipitia kimyakimya. Mimi humwuliza mwombaji: ni jambo gani timu yako iliacha kulifanya baada ya kikao cha kujitathmini? Mara ya mwisho ulimwambia mmiliki wa bidhaa hapana, alijibu nini? Badiliko dogo kabisa lilichukua saa ngapi kumfikia mtumiaji? Majibu yananisaidia. Lakini mahojiano yanampendelea msemaji hodari, na kazi ya Scrum Master, yule anayeisaidia timu ifanye Scrum vizuri, imejaa wasemaji hodari. Timu ikifanya vizuri, hakuna njia safi ya kutenga mchango wake na ule wa wasanidi wazuri, bidhaa rahisi au mkurugenzi mwenye subira. Scrum Master bora niliowaona walifanya timu isiwahitaji sana, na mtu wa namna hiyo ana machache ya kuyadai kuwa yake kwenye CV. Nikimlinganisha na mwenye vyeti sita, karatasi inampa ushindi yule wa pili. Kwa hiyo siku hizi, kila inapowezekana, nazungumza na msanidi mmoja aliyefanya kazi naye, na namwuliza mambo yalikwendaje wiki ambazo mtu huyo alikuwa likizo.

Walioniuliza kama walipie kuhuisha CSM, ambayo kila miaka miwili inadai dola 100 na pointi 20 za kujiendeleza kitaaluma: fungueni matangazo ya kazi mnazozitaka kweli. Kama yanakitaja kwa jina, lipeni. Kama hayakitaji, acheni kiishe, na kwenye CV andikeni mwaka mliofanya mtihani.