Wateja wachache leba siyo usalama

Wamiliki wa zahanati na vituo vya praiveti, hili nimelisikia mpaka nimechoka, leo acha niliandike. Kila tukija kuwaomba muingie kwenye kazi ya kuboresha huduma za mama na mtoto mchanga tunajibiwa lile lile: "Sista, hayo pelekeni serikalini kwenye msongamano, sisi huku wateja wachache, kila mama ana nesi wake."

Hapana jamani. Hebu pigeni hesabu. Watoto 100 wakizaliwa, kama 3 mpaka 6 hawatapumua mpaka wapewe hewa kwa ambu, ule mfuko wenye maski unaominywa kwa mkono. Kituo chako kinazalisha akina mama 8 kwa mwezi, hao ni kama 100 kwa mwaka, maana yake ambu yako inafanya kazi mara 3 mpaka 6 mwaka mzima, na manesi wako sita wanapishana zamu, kwa hiyo kuna nesi atamaliza mwaka hajaigusa kabisa. Halafu siku inamkuta yeye, saa tisa usiku, yuko peke yake na dada wa usafi, mtoto katoka kalegea, na ndani ya dakika moja anatakiwa awe ameshamkausha, kamsugua mgongo na ameanza kumpa hewa. Atafanya nini? Ataanza kutafuta maski ya saizi yake. Nesi wa hospitali ya wilaya kachoka kweli, vifaa vinampungukia kweli, ila ambu kaishika juzi tu. Huo uchache wa wateja mnaojivunia ndio unaofanya mazoezi yawe ya lazima kwenu kuliko kwa wengine.

Na msiniambie "tulishawapeleka semina". Pale Haydom, Manyara, hospitali ya kanisa wala siyo ya serikali, watumishi walifundishwa kwa siku moja tu kumsaidia mtoto kupumua, kwenye mdoli wa mazoezi wakafanya vizuri sana lakini leba hakikubadilika kitu. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo mimi naomba dakika 10 kila wiki, mdoli ukae leba usifungiwe ofisini kwa mkurugenzi, na mfanye zamu zinapokabidhiana ili hata wa usiku wapate. Wiki hii mtoto asiyepumua, wiki ijayo mama anayetoka damu.

Kwenye damu, acheni kukisia kwa macho, macho yanadanganya sana. Mkiwekee kitandani chini ya mama ile plastiki yenye mfuko na alama za kupimia. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, walipima damu hivyo na kutoa matibabu yote kwa mpigo bila kusubiri moja lishindikane, na kutoka damu kupita kiasi pamoja na madhara yake vikapungua kwa asilimia 60.

"Tumenunua utrasaundi mpya." Hongereni, ila nionyesheni friji kwanza. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu, inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, nyie mmeiweka kabatini na panadol, umeme ukikatika hata hamjui. Kipimajoto cha friji hakina bei ya kutisha, nunueni hicho leo.

"Rufaa inatupotezea mteja." Mteja mnampoteza mkimshikilia mpaka saa kumi alfajiri ndo mnaanza kutafuta gari. Namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa akina mama na watoto wachanga, ni bure, ibandikeni ukutani leba, na partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ijazwe uchungu unavyoendelea siyo baada ya mama kujifungua.

"Mkija mnataka kutufungia." Ukaguzi wa leseni ni kitu kingine. SafeCare, vigezo vya kupima ubora wa huduma ambavyo APHFTA, chama cha vituo vya afya binafsi, wanavitumia kwa wanachama wao, ina ngazi 1 mpaka 5, unapimwa ulipo halafu mnapanga pamoja nini kianze kurekebishwa, hakuna anayetegemea uanze na 5.

"Vifo vya kujadili ni vya serikali." Kila kifo cha mama na cha mtoto mchanga kinajadiliwa, na cha kwenu pia, kwa hiyo MTUHA, vile vitabu vya takwimu za kituo, jazeni kweli kweli na siku ya kikao mleteni nesi aliyekuwa zamu, siyo mhasibu.