Homoni na mayelini: yanayosemwa mtaani na yanayojulikana

Miguu ikiishiwa nguvu au jicho likififia ghafla, na daktari akasema mayelini imeharibika, yaani utando wa mafuta unaofunika neva na kuharakisha mawasiliano yake, ushauri humiminika. Hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, siku hizi ushauri huo unataja sana homoni.

"Deksa inajenga neva upya." Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana imeshaharibu afya za wengi. Deksamethasoni (ndiyo "deksa") na prednisoloni ni dawa za kundi la steroidi, ndugu wa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Mgonjwa wa multipo sklerosisi (MS), ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia mayelini ya ubongo na uti wa mgongo, akipata shambulio, yaani dalili zikizuka ghafla, steroidi za dozi kubwa hutuliza uvimbe na kumpa nafuu mapema. Mayelini haziijengi. Lakini utamkuta mtu ana bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa "2x2" kwa kalamu, jina la dawa halipo, na amemeza miezi kadhaa. Huyo anakaribisha kisukari, presha na mifupa dhaifu. Akiacha ghafla pia ni hatari: tezi zake zimeshalala, presha inaweza kuporomoka hadi kufa. Apeleke bahasha hiyo hospitali, dozi ipunguzwe taratibu.

"Mimba hutuliza MS, basi vidonge vya uzazi wa mpango navyo vitatibu." Sehemu ya kwanza ina ukweli. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha mashambulizi hupungua kwa takriban asilimia 70 katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kisha huongezeka miezi mitatu baada ya kujifungua. Ndiyo sababu watafiti wakaigeukia estrioli, homoni inayopanda sana wakati wa mimba. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, wanawake wenye MS waliopewa estrioli pamoja na glatirameri, dawa ya MS, walishambuliwa mara chache kuliko waliopewa glatirameri peke yake. Ni matumaini ya kweli, ila kupunguza mashambulizi ni jambo moja na kurudisha mayelini iliyopotea ni jambo lingine. Tena vidonge vya uzazi wa mpango havina estrioli.

"Projesteroni imeshathibitishwa kujenga mayelini." Hii nayo ni homoni ya mimba. Kwa panya, ndiyo: mwaka 1995 wanasayansi walionyesha inasaidia kuunda mayelini kwenye neva za pembeni, yaani zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Kwa binadamu bado haijawa tiba.

Homoni ya tezi ya shingo nayo hukomaza seli zinazotengeneza mayelini kwenye ubongo. Ndiyo maana mjamzito anasisitiziwa chumvi yenye madini joto. Kumeza thairoksini, yaani homoni hiyo ya tezi, bila upungufu, hata hivyo, kutaufanya tu moyo uende mbio.

Kuna kipimo kimoja naomba kisisahaulike: vitamini B12. Upungufu wake huharibu mayelini ya uti wa mgongo, na huwapata hata wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Si homoni, lakini ukigundulika mapema, sindano zake zinaweza kumrudishia mgonjwa miguu yake.