Fidla mbele ya gitaa la umeme: nilichokipata kwa Arcade Fire

Mwaka jana niliiandikia bendi moja ya Dar sehemu za nyuzi kwa nyimbo tatu za kupiga harusini: fidla nne na sello moja. Mazoezini, chumbani, tulisikika vizuri mpaka mwimbaji akatoa simu kuturekodi. Usiku wa harusi wenyewe dramu zikaanza, magitaa mawili yakapanda, na sisi watano tukabaki tunakata hewa kwa pinde. Tulipomaliza, mpiga besi akanijia na soda mkononi akaniuliza bila ubaya wowote: "Kaka, hivi nyie mlikuwa mmewashwa?"

Tulikuwa tumewashwa. Fundi mitambo alishatupandisha mpaka mwisho. Angesogeza kidogo tu, spika zingeanza kupiga miluzi. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi niliiandika mimi.

Niliporudi Unguja nikafanya nilichopaswa kukifanya kabla. Nikakaa na penseli, headphone masikioni, nikaisikiliza upya albamu ya Funeral ya bendi ya Arcade Fire, nikiandika nyuzi zinafanya nini kwenye kila wimbo. Si kwamba nilikuwa siijui. Naipenda miaka mingi. Lakini kupenda wimbo na kujua umejengwaje ni mambo mawili.

Kwa asiyewafahamu: Arcade Fire ni bendi ya Montreal, Kanada, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nguzo zake ni Win Butler, Mmarekani aliyekulia Texas, na Régine Chassagne, ambaye wazazi wake walitoka Haiti wakati wa utawala wa Duvalier. Funeral ilitoka Septemba 2004 kupitia Merge, kampuni ndogo ya North Carolina. Jina lake, mazishi, halikuwa la kutafuta kiki: wakati wa kurekodi, misiba iliingia katika familia kadhaa za wanabendi. Mmoja wa waliofariki ni Alvino Rey, babu yake Win, aliyekuwa kiongozi wa bendi kubwa za dansi Marekani na mmoja wa watu wa mwanzo kulipatia gitaa la kutelezesha chuma sauti ya umeme. Binti yake, mama wa kina Butler, ni mpiga kinubi. Régine mwenyewe aliwahi kupiga katika kundi la muziki wa Ulaya ya kale, na bado hubeba akodiani na ile ala ya kuzungusha mkono ambayo nyuzi zake husuguliwa na gurudumu. Kwa hiyo nyumbani kwa kina Butler kinubi na gitaa la umeme vililala chumba kimoja tangu zamani.

Sasa turudi kwenye karatasi yangu. Uzi mnene wa fidla ukipigwa wazi hutetemeka mara 196 kwa sekunde. Sello huanzia 65, gitaa 82. Ukitazama namba hizo tu utadhani kuna nafasi ya kutosha kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba gitaa la umeme likishapitishwa kwenye ile sauti ya kukwaruza halikai tena kwenye noti yake. Kila noti huzaa watoto juu yake, yaani sauti nyembamba zaidi, na watoto wale hujaa palepale ambapo fidla huishi. Sello ndiyo huzama kabisa, kwa sababu imebanwa na gitaa na besi kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeandika noti ndefu, za kujaza, katikati kabisa ya eneo hilo, tena kila fidla na sauti yake ili zipatane kama kwaya. Kwenye karatasi ni pazuri sana. Ukumbini ni sawa na kumwaga maziwa baharini.

Wenzangu wa taarab huniuliza kwa nini kwetu hatulii hivi. Jibu ni rahisi: kwetu fidla ni mwenye nyumba. Ukikaa na kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, fidla zote hupiga mstari mmoja, ule ule wa mwimbaji, na mwimbaji akivuta pumzi zinamjibu. Hakuna chombo kinachopigana nazo. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa, pamoja na udi na akodiani vinazunguka mstari uleule, kila kimoja kwa lafudhi yake, na dumbaki, ngoma yetu ya mkono, haifuniki mtu. Kwenye roki fidla ni mgeni aliyefika watu wameshakaa, na waandishi wengi wa nyuzi, mimi nikiwemo, humkaribisha mgeni huyo kwa kumwambia apambe ukuta.

Ndiyo maana kilichonishtua kwenye Funeral ni uchache wa mapatano, yaani noti tofauti zinazopigwa kwa pamoja. Nilitarajia karatasi yangu ijae noti. Ikabaki na weupe mwingi. Sehemu kubwa nyuzi zinapiga mstari mmoja tu, kwa nguvu, au hazipigi kabisa. Kwenye wimbo wa Laika, uliopewa jina la yule mbwa ambaye Wasovieti walimrusha angani mwaka 1957, akodiani ndiyo inayobeba mstari ambao bendi nyingine ingempa gitaa, na nyuzi zinakatwakata kwa mapigo mafupi, upinde ukigonga kama fimbo. Hapo fidla imekuwa ngoma. Mwanzo wa kila pigo la upinde una mkwaruzo mfupi, na mkwaruzo huo ndio unaopenya magitaa, si noti inayofuata. Kama nyuzi zako hazisikiki, usiongeze sauti. Fupisha noti.

Mapangilio ya nyuzi kwenye albamu ile yalifanywa na bendi pamoja na Owen Pallett, mpiga fidla wa Toronto. Ukitaka kuelewa akili yake, tafuta kazi zake za peke yake. Husimama na fidla moja na kifaa cha mguuni kinachorekodi na kurudia. Anapiga mdundo kwa kudonoa nyuzi, unarudia, anaweka juu yake mstari wa pili, wa tatu, kisha anaimba. Mtu aliyezoea kujenga wimbo mzima kwa fidla hawezi kuichukulia kama pambo. Mwaka 2006 alishinda Polaris, tuzo ya albamu bora ya Kanada, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa.

Wimbo uliokula penseli yangu zaidi ni Crown of Love. Unaanza polepole, kwa hesabu ya tatu, kama dansi za kizamani za Ulaya, piano ikitembea na mwimbaji akilalamika mapenzi. Nyuzi zinakuja taratibu na kuongezeka, na unafikiri umeshajua utaishia wapi: kilio kikubwa, kisha kimya. Halafu mwishoni dramu zinageuka, wimbo unakimbia kwa mdundo wa disko, na nyuzi zilezile zilizokuwa zinalia sasa zinacheza. Nilicheka peke yangu. Maana disko ndiyo iliyolimaliza tatizo hili miaka ya 1970, pale Philadelphia, ambapo studio zilikuwa na wapiga fidla wakifanya kazi juu ya dramu kila siku. Walijua kwamba nyuzi zikae juu, ziseme sentensi fupi, na ziseme pale mwimbaji anaponyamaza. Mzee yeyote wa taarab angewaambia hivyohivyo.

Jambo jingine ni idadi. Watu hudhani ukitaka sauti ya okestra lazima uwe na okestra. Funeral ilirekodiwa Hotel2Tango, studio ya Montreal ambayo mmoja wa wenyewe, Howard Bilerman, ndiye aliyepiga dramu kwenye albamu hiyo. Wapiga nyuzi walikuwa marafiki wachache, na unasikia kwamba ni wachache. Unasikia upinde, unasikia mtu anayekaribia kutoka nje ya noti na kurudi. Kuna kanuni ya zamani ya waandishi wa okestra: fidla mbili zikipiga mstari mmoja ni hesabu mbaya kuliko zote, maana tofauti ndogo kati yao hutoa wimbi linalokera sikio; weka moja, au anzia tatu. Mimi nilikuwa na nne nikazitawanya, kila moja ikabaki yatima. Ningeziweka zote mstari mmoja tungesikika mpaka mlangoni.

Na la mwisho kuhusu Funeral, ambalo haliandikiki kwenye karatasi. Sarah Neufeld, mpiga fidla aliyeshiriki albamu ile na baadaye akawa mwanabendi, jukwaani hakai pembeni na miwani na stendi ya noti. Anasimama na wenzake, anaruka, kiitikio kikifika anaimba kwa kupaza kama wote. Wake Up, wimbo wao mkubwa, kiitikio chake hakina hata neno, ni sauti tu za kundi zima na gitaa kwenye mstari mmoja. Mwaka 2005 David Bowie, nyota wa roki wa Uingereza, aliuimba nao jukwaani New York. Hakuna mpatano wa kisomi pale. Ni umoja tu, kila mtu noti moja.

Basi ningetegemea walivyopata pesa waharibikiwe, na kwa maoni yangu kidogo waliharibikiwa. Neon Bible, albamu yao ya 2007, ina okestra na kwaya zilizorekodiwa Budapest. Wengi wanaipenda. Mimi ile okestra naisikia iko nyuma ya kioo: kubwa, safi, na si ya mtu yeyote. Kinachoiokoa albamu ni kinanda cha mabomba cha kanisa la Saint-Jean-Baptiste pale Montreal. Hicho si cha kuchezea. Kinanda cha kanisani hakisogezwi wala hakikazwi noti zake kwa ajili ya bendi. Bendi ndiyo inayokifuata, na hewa ikipoa au ikipata joto noti nazo zinahama. Tena sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga dramu akikaa mita 34 kutoka kwenye mabomba anasikia kila noti imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kwaya ya polepole si kitu. Kwa roki ni balaa. Sikiliza wimbo wa Intervention: kinanda kinashika noti nzito, ndefu, na kazi ya kukimbia imeachiwa vyombo vingine. Ni busara ileile, ila imegeuzwa juu chini. Chombo ambacho hakiwezi kukimbia hakikimbizwi.

Albamu hiyo hiyo ina wimbo wa My Body Is a Cage, nao ni kinanda kwa wingi. Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza, aliurudia mwaka 2010 kwenye albamu aliyoifanya kwa okestra, bila gitaa wala dramu. Weka matoleo hayo mawili pamoja jioni moja. La Gabriel okestra inapumua, ina nafasi yote duniani, kwa sababu hakuna wa kupigana naye. Nawapa wanafunzi wangu zoezi hilo kila mwaka, na kila mwaka darasa linagawanyika.

The Suburbs, ya 2010, ilichukua Grammy ya albamu bora ya mwaka, ikishinda majina makubwa ikiwa bado chini ya Merge. Nyuzi zipo humo ila si habari yake kuu, nairuka.

Ninayetaka kumsema kabla sijafunga ni Richard Reed Parry, mtu mrefu mwenye nywele nyekundu kwenye bendi hiyo, anayepiga besi ile kubwa ya mbao, akodiani, gitaa, chochote kilicho karibu. Zamani zile za Funeral yeye na Will Butler, mdogo wake Win, walikuwa wakivaa helmeti za pikipiki jukwaani na kugongana kwa fimbo za ngoma. Mtu huyohuyo mwaka 2014 alitoa Music for Heart and Breath kupitia Deutsche Grammophon, kampuni ya Wajerumani ya muziki wa kisomi. Humo hakuna dramu wala kiongozi wa kuhesabu. Wapigaji wanavaa kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo, na kila mmoja anafuata mapigo ya moyo wake mwenyewe, au pumzi yake. Inabidi wapige taratibu mno, la sivyo hawausikii moyo.

Tulijaribu kitu cha namna hiyo na wanafunzi wangu watano, ghorofani, Mji Mkongwe, kwa vifaa tulivyoazima kwa dada mmoja muuguzi. Niliwapa mstari mfupi wa bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu unaofungulia taarab, wanaoujua kwa moyo, nikawaambia kila mtu afuate kifua chake. Wanne walikwenda vizuri, wakipishana kidogo kidogo kama mawimbi. Wa tano alikuwa amechelewa na amepanda ngazi mbio. Fidla yake ilimaliza mstari wenzake wakiwa katikati, akasimama, akasikiliza, akaanza tena, na kila akirudia alikuwa anapoa kidogo, mpaka mara ya sita au ya saba wakakutana wote kwenye noti ya mwisho. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo.