DNA hurudufiwa lini? Dhana potofu na ukweli

Dhana: DNA hurudufiwa kwenye profezi, mitosisi (mgawanyiko wa seli) inapoanza.
Darubini ndiyo inayoponza watu hapa. Kwenye profezi kila kromosomu (uzi wa DNA uliokunjwa) huonekana ina kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizoshikana, basi mtu hudhani imejirudufu palepale. Kumbe kazi ilishakwisha saa kadhaa nyuma, katika awamu ya S (awamu ya kunakili DNA) ya intafezi, kipindi kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, wakati nyuzi za DNA zimelegea na hazionekani mojamoja. Watafiti Howard na Pelc walilionyesha hilo mwaka 1953 kwa kuipa mizizi ya mmea wa Vicia faba fosforasi yenye mnururisho: iliingia kwenye DNA kabla ya mgawanyiko, tena kwa kipindi maalumu chenye pengo mbele na nyuma. Mapengo hayo ndiyo G1 (kabla ya S) na G2 (baada ya S).

Dhana: Intafezi ni mapumziko.
Seli ya binadamu inayogawanyika kila saa 24 maabara hutumia takribani saa 11 katika G1, 8 katika S na 4 katika G2. Hizo zote ni intafezi, na seli iko kazini; mitosisi hubakiwa na saa 1 tu.

Dhana: Baada ya S, seli ya binadamu ina kromosomu 92.
Zinabaki 46. Hesabu sentromia (mahali kromatidi mbili zinaposhikana), usihesabu kromatidi. Kilichoongezeka maradufu ni kiasi cha DNA. Kromosomu 92 utazipata anafezi, hatua ya mitosisi ambapo kromatidi huachana. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa, na hukosea tena kwenye meiosisi (mgawanyiko wa kutengeneza mbegu za uzazi na mayai): migawanyiko ni miwili, lakini urudufu ni mmoja, kabla ya meiosisi I.

Dhana: Urudufu huanzia ncha moja ya kromosomu hadi nyingine.
Kromosomu namba 1 ina jozi za besi zipatazo milioni 249. Kwa mwendo wa besi kama 50 kwa sekunde, ingechukua karibu miezi miwili. Ndiyo maana urudufu huanzia sehemu nyingi kwa pamoja, nazo hutayarishwa mapema: protini za MCM, zinazoandaa sehemu hizo, hufungwa kwenye DNA wakati wa G1. S ikishaanza hazifungwi nyingine, hivyo kila kipande hunakiliwa mara moja tu. Udhibiti huo ukilegea, vipande hunakiliwa tena na DNA hukatika.

Dhana: Haya ni ya darasani tu.
Haidroksiyurea, dawa wanayopewa wagonjwa wa selimundu, hupunguza malighafi ya kutengenezea DNA, na seli zilizo katika S hukwama. Uboho, ambao seli zake hugawanyika kwa kasi, huguswa mapema. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa wingi wa chembe za damu mara kwa mara, na chembe nyeupe au chembe sahani zikishuka mno dawa husimamishwa kwa muda.