Udongo mwekundu na viyeyusho vya klorini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, kwa hiyo utavivunja wenyewe viyeyusho vya klorini (vimiminika vyenye klorini vya kuondolea grisi au kusafishia nguo) vilivyomwagwa.

Ukweli: Wekundu huo ni wa hematiti, chuma kilichokwisha kunyang'anywa elektroni na oksijeni, ilhali trikloroethilini, inayotumika kuondoa grisi kwenye vyuma, huachia klorini yake hasa pale inapopewa elektroni. Yanayotoa elektroni hizo ni magnetaiti, salfaidi za chuma na kutu ya kijani, madini yanayodumu pasipo na hewa, kama kwenye tope jeusi la chini ya vinamasi vya Kampala. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye jerikani: maji ya kisima kirefu chenye chuma hutoka meupe, na yakikaa kidogo huwa na rangi ya kutu, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa. Hata hivyo, chuma hicho cha majini peke yake ni dhaifu. Kazi kubwa hufanyika juu ya uso wa chembe za madini.

Dhana: Anayesafisha ni bakteria, madini hayana mchango wa maana.

Ukweli: Bakteria huondoa klorini moja baada ya nyingine, na wakikwama njiani huacha vinili kloridi, kisababishi cha saratani ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kisizidi mikrogramu 0.3 katika lita ya maji ya kunywa. Juu ya madini ya chuma, sehemu kubwa ya molekuli hupoteza klorini mbili kwa mpigo na kuishia kuwa gesi ya asetilini, bila kupitia vinili kloridi. Mpimaji asiyeona vinili kloridi akatangaza kwamba hakuna kinachovunjika amefanya haraka. Ni kweli kwamba madini huenda polepole, na kwamba mengi ya hayo hutengenezwa na bakteria wenyewe. Kuwashindanisha hakuna faida.

Dhana: Viyeyusho hivi huelea juu ya maji kama petroli.

Ukweli: Huzama. Lita moja ya tetrakloroethilini, ile ya kusafishia nguo bila maji, ina uzito wa kilo 1.6 hivi.

Dhana: Kuchemsha maji kunatosha.

Ukweli: Kuchemsha huhamishia mvuke wa viyeyusho hivyo jikoni, na vidonge vya klorini havisaidii hata kidogo.

Dhana: Ukitupa vyuma chakavu kisimani, umemaliza.

Ukweli: Chuma kinachofaa ni chembechembe ambazo hazijaliwa na kutu, zikifukiwa kama ukuta unaopitisha maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo waliujaribu ukuta wa namna hiyo huko Borden, Kanada, mwaka 1991. Kwa chemchemi iliyo chini ya mlima, ukuta ungechimbwa upande wa juu, kati yake na mahali palipomwagika kiyeyusho, baada ya kupima maji ya ardhini yanaelekea wapi na kwa kasi gani, kwa sababu yakipita haraka mno hayapati muda wa kutosha kwenye chuma.