Alumini haishiki kutu, lakini rimu huganda

Ukipita gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, utaambiwa rimu ya aloi (mchanganyiko wa alumini) haiwezi kuganda kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, eti alumini haishiki kutu. Kutu nyekundu, kweli, haishiki. Ila ikigusana na habu ya chuma na maji ya mvua yakapenya katikati, mkondo mdogo wa umeme hupita, na inayoliwa ni alumini. Vua gurudumu utazame tundu la katikati: ule unga mweupe unaotokana na alumini kuliwa huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, ndiyo maana rimu hubana hadi fundi aipige mateke.

Sugua habu kwa brashi ya waya, kisha paka grisi ya kuzuia kuganda, utando mwembamba tu, kwenye ukingo wake. Isifike kwenye diski ya breki. Nati ziache kavu. Zenye grisi hukazwa kupita kiasi bila fundi kujua.