Neno "time" kwa Kichina: dhana potofu na ukweli wake

Anayeanza kujifunza Kichina kwa kutumia kamusi ya Kiingereza hutafuta neno "time", akakuta shíjiān (时间), akaridhika. Dhana kwamba neno hilo moja linatosha huzaa makosa mengi, na inashangaza zaidi kuikuta kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye tangu utotoni husema muda, wakati, saa, mara, nafasi au enzi kulingana na anachokusudia.

Wapo pia wanaodhani kwamba shíjiān na shíhou (时候) ni visawe, kwa kuwa herufi ya kwanza ni ileile. Ukweli ni kwamba shíjiān ni muda unaopimika, au saa iliyopangwa kwa jambo fulani, ndiyo maana asiye na nafasi husema wǒ méiyǒu shíjiān. Akisema wǒ méiyǒu shíhou hataeleweka. Shíhou ni wakati unaotambulishwa na tukio au hali, na hukaa mwishoni mwa kishazi: wǒ xiǎo de shíhou, yaani "nilipokuwa mdogo". Mimi huliona neno hilo kama -po- yetu iliyosukumwa hadi mwisho, na tangu niliposhika ulinganisho huo sijakosea tena mpangilio wake.

Kuhusu saa, inadhaniwa kwamba Kiswahili kinatosha kuwa mwongozo, kwa sababu jǐ diǎn inalingana kabisa na "saa ngapi". Ulinganifu unaishia hapo. "Saa tatu" yetu huweza kuwa muda wa saa tatu, ambao kwa Kichina ni sān ge xiǎoshí, au saa tatu asubuhi, ambayo ni jiǔ diǎn (jiǔ ni "tisa"), kwa kuwa Wachina huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, si alfajiri na magharibi kama sisi. Xiǎoshí lenyewe maana yake ni "saa ndogo", kwani zamani siku iligawanywa katika vipindi 12, kila kimoja kikiwa sawa na saa mbili za leo.

Dhana iliyo ngumu zaidi kung'oka inahusu "mara". Hapa Kiswahili kinatuponza kama Kiingereza, maana Kichina huhesabu matukio kwa cì (次), lakini jambo lililofanywa kuanzia mwanzo hadi mwisho huhesabiwa kwa biàn (遍). Mtu aliyekifungua kitabu mara tatu na kukiachia njiani amekisoma sān cì, lakini hajakisoma hata yí biàn.

Mara ya kuzidisha ukubwa ni neno jingine tena, bèi (倍), na hapo ndipo mfasiri wa habari za biashara anapoweza kuharibu hesabu nzima. Tuseme duka liliuza mashati 100 mwaka jana na 300 mwaka huu. Kwa Kiswahili mauzo "yameongezeka mara tatu", na wengi hufasiri neno kwa neno: zēngjiā le sān bèi. Kwa Kichina sanifu maneno hayo husema kwamba kilichoongezeka juu ya mashati 100 ya awali ni 300, hivyo jumla ni 400. Tafsiri sahihi ni zēngjiā le liǎng bèi, yaani nyongeza ni mara mbili ya kiasi cha awali, au zēngjiā dào sān bèi, ambapo dào, "hadi", huonyesha kiwango kilichofikiwa. Tofauti yote imebebwa na silabi moja, le au dào, ambayo mfasiri mwenye haraka huiona kama pambo tu. Mauzo yakishuka kutoka 300 hadi 100, bèi haifai kabisa, hata kama sisi husema "yamepungua mara tatu". Kichina hutumia sehemu, jiǎnshǎo dào sān fēn zhī yī, yaani yamepungua hadi theluthi moja.